Karata Nne Bila Kurudisha

Mimi niliogopa hesabu miaka yote niliyoifundisha. Nawaambia mapema, nyinyi walimu vijana mnaonijia na madaftari yenu kuuliza namna ya kufundisha mchoro wa mti, msije mkadhani mmemkuta bingwa. Mwalimu asiyeogopa hesabu mimi simwamini. Atakosea kwa sauti kubwa, na watoto watanakili.

Nilipangiwa Kasulu mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikitokea Korogwe, msichana mwenye sanduku la bati na sweta moja lisilofua dafu mbele ya baridi ya kule. Wakati huo ndipo zilipoingia zile tulizoziita hesabu za kisasa. Sisi tulikuwa tumesoma za zamani: eneo la shamba, mwendo wa gari moshi, tangi linalojazwa huku linavuja. Tukaitwa semina ya wiki mbili, tukapewa vitabu vya Kiingereza, tukaambiwa twende tukafundishe seti, na mwisho kabisa wa kitabu, uwezekano. Sura hiyo sikuielewa. Mwaka wa kwanza nilifundisha polepole kwa makusudi, nikiomba muhula uishe kabla sijaifikia, na dua yangu ikakubaliwa. Mwaka wa pili vilevile. Mwaka wa tatu mkuu wa shule akapitia maazimio yangu ya kazi, akaweka kidole penye sura ile.

"Ndugu Mwalimu," akasema, "hapa naona kila mwaka unafika ukingoni halafu unageuza."

"Muda hautoshi, Mkuu."

"Mwaka huu utatosha. Mkaguzi anakuja."

Nyinyi wakaguzi wenu wanakuja na tabasamu na fomu. Wa kwetu alikaa nyuma ya darasa, hasemi, anaandika tu, na kila kalamu yake ikitikisika unajiuliza umesema nini. Mkuu wa shule mwenyewe, mtu mzima mwenye kipara na heshima zake, alikuwa akisikia injini ya Landrover anafunga kifungo cha shati cha juu kabisa. Usiku ule sikula. Nilikaa na kitabu nikitazama picha za karata, maana mwandishi wa kitabu kile mifano yake yote ilikuwa ya karata.

Na karata nazo zilikuwa hofu nyingine. Miaka ile karata zilikuwa kitu cha wazururaji. Ukionekana unacheza saa za kazi ungejikuta mbele ya mwenyekiti wa kijiji unajieleza. Makanisani kule juu ndiyo kabisa, karata zilitajwa pamoja na uchawi. Mimi kwetu nimekua nikiwaona wajomba wakicheza barazani kila alasiri, hakuna aliyekufa. Kaka yangu aliniwekea pakiti moja sandukuni kwa utani, nisije nikalia upweke. Nilikuwa nimeifunga ndani ya kanga, na juu ya kanga nimeweka msahafu, sijui nilidhani nini.

Basi siku ya somo nikaipeleka darasani ndani ya mkoba. Nikafunga mlango. Nikafunga na madirisha, watoto wakashangaa kwa nini tunasoma gizani.

"Karata ni hamsini na mbili," nikasema. "Kopa ni kumi na tatu. Natoa moja, sirudishi. Natoa ya pili. Kuna uwezekano gani zote mbili ziwe kopa?"

Nikachora mti wangu ubaoni. Tawi la kwanza, kumi na tatu juu ya hamsini na mbili. Nikachomoa karata, kwa bahati ikawa ree ya kopa, nikaipunga juu kama mchezaji wa kwetu. Halafu nikachora tawi la pili, nikaandika tena kumi na tatu juu ya hamsini na mbili. Nikazidisha. Nikapata moja ya kumi na sita, jibu zuri kabisa, nikalipigia mstari chini.

Mkono ukanyooka nyuma. Alikuwa Domitila, msichana mrefu, mkimya, wa kidato cha nne, ambaye kwa miaka mitatu sikuwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo. Mama yake ni Muha wa Gwarama, upande wa Kibondo, na baba yake ni Mrundi aliyevuka mpaka mwaka ule watu walipokimbia. Domitila mwenyewe alikuwa amelelewa Gwarama kwa bibi yake tangu mdogo, wazazi wakiwa bado Burundi.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Hiyo ya kwanza bado unayo mkononi."

Nikatazama mkono wangu. Kweli, ree ya kopa ilikuwa pale, nimeishika, naipunga. Ilikuwa imeondoka kwenye pakiti lakini kwenye hesabu yangu nimeirudisha. Zilizobaki ni hamsini na moja, na kopa ni kumi na mbili. Darasa zima likacheka, nami nikacheka kinafiki, jasho linanitoka na baridi yote ile. Ingekuwa mbele ya mkaguzi ningekuwa nimekwisha.

Basi shikeni hapa. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika asili, ile namba ya chini, kabla sijatazama mkononi na kuhesabu kilichobaki. Msiitoe kichwani. Kichwa kinapenda namba ya jana. Na mkishaandika, jumlisheni matawi yanayotoka kwenye kifundo kimoja, pale mti unapogawanyika. Yasipotimia moja, kuna kitu mmekisahau, rudini. Ukifuata tawi kwenda mbele unazidisha. Ukikusanya matawi yanayoleta jambo lilelile unajumlisha. Hayo tu. Mengine yote ni kelele za vitabu.

Mkaguzi alikuja, akakaa, akaandika, akaondoka. Mkuu wa shule akafungua kifungo.

Niwaambie na habari ya vyoo, maana mtaihitaji mbele. Kila Jumamosi kidato cha nne walipiga kura ya kazi. Vikundi vinane, vikaratasi vinane ndani ya kofia ya mkuu wa shule, viwili vimeandikwa "choo". Ukichota hakirudi. Kila Jumamosi viongozi wa vikundi walisukumana mpaka wengine wakachaniana mashati, kila mmoja anataka kuchota kwanza, eti wa kwanza anakuta vizuri bado vipo vyote. Domitila tu ndiye aliyesimama mwisho, mikono nyuma. Mimi nilidhani ni adabu.

Siku moja nikampa chaki awaonyeshe. Akachora mti wa mchotaji wa kwanza na wa pili. Wa kwanza kupata choo: mbili juu ya nane, yaani robo. Wa pili: ikiwa wa kwanza amepata choo, kimebaki kimoja kati ya saba, ikiwa hakupata, vimebaki viwili kati ya saba. Akazidisha, akajumlisha, kumi na nne juu ya hamsini na sita. Robo. Akawageukia, na nakumbuka sauti yake ilivyokuwa inatetemeka kidogo, kwa jambo dogo vile la vyoo.

"Wa kwanza na wa pili ni sawa," akasema. "Na wa mwisho ni sawa. Ukitangulia hupati kitu, na anayefuata humnyang'anyi kitu."

Kijana mmoja akanakili hesabu yote vizuri, akaifunika kalamu, akasema, "Mwalimu, nimeelewa kabisa. Ila mimi nachota kwanza." Jumamosi iliyofuata wakachaniana mashati vilevile. Mtayaona na nyinyi.

Sasa tufike penyewe. Kabla ya mtihani wa taifa kulikuwa na likizo fupi. Wanafunzi wakaenda makwao, wakarudi. Domitila hakurudi. Siku tatu, siku nne, wiki. Msichana mmoja wa Kibondo akaleta ujumbe: baba yake Domitila amemkatalia kurudi. Amemkuta na karata nyumbani, amezitengeneza mwenyewe kwa boksi la sabuni, na alipoulizwa amezitoa wapi akasema ni somo la shule.

Mkuu wa shule akaniita ofisini, akafunga mlango, akafunga na madirisha. Nikajua tumefanana.

"Karata!" akanong'ona. "Shuleni kwangu!"

"Zimo kitabuni, Mkuu."

"Kitabu hakina mwajiri. Wewe unaye. Baba wa mtoto ni mzee wa kanisa. Akienda kusema wilayani kwamba walimu wangu wanafundisha kamari, unadhani watafungua kitabu?" Akapangusa kipara. "Mtihani ni wiki tano. Yule ndiye mtoto pekee wa kike ninayemtegemea kwa hesabu. Nenda ukamlete. Usipomleta, utaandika maelezo, nami nitaandika yangu."

Nikaondoka na lori la mahindi. Njia ya Kasulu kwenda Kibondo wakati ule ilikuwa pori tupu na utelezi, na utingo alinipa hadithi za simba njia nzima, nadhani kwa kuniburudisha. Lakini simba sikuwaza. Nilikuwa nawaza uso wa mtu ambaye sijamwona. Nikalala Kibondo kwa mwalimu mwenzangu wa kike, na asubuhi nikapata gari la watu wa afya likanishusha njia panda, nikaanza kutembea kwenda Gwarama. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo akanionyesha njia.

"Kwa Zakaria?" akaniuliza. "Yule mzee wa kanisa?" Akaniangalia viatu. "Yewe, mama, kama ni habari ya zile karata, jihadhari. Kijana mmoja wa kwaya alionekana na karata, Zakaria alimtoa kanisani mbele ya watu wote. Alikuwa anatetemeka kama mwenye homa."

"Kijana?"

"Zakaria."

Neno hilo lilinitia hofu kuliko simba wa utingo. Mtu mwenye hasira unaweza kumsubiri zipoe. Anayetetemeka hujui kilicho ndani yake.

Nilipofika, watoto wakakimbia. Wakubwa waliokuwa wanapukuchua mahindi wakasimama wima. Mtu mwenye mkoba na viatu, kwao alikuwa ni afisa, na watu waliokwisha kukimbia mara moja hawapendi maafisa wanaofika bila taarifa. Hofu yangu na hofu yao zikakutana pale uani. Domitila akatoka jikoni na mikono ya unga, akaniona, akarudi ndani bila kusalimia.

Mzee Zakaria akaja kutoka shamba la maharage. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, shati limefungwa vifungo vyote. Akanawa, akanipa kigoda, akakaa mbele yangu.

"Amahoro, Mwalimu. Umechoka njia."

"Amani, Mzee. Sijambo."

Akaamuru niletewe chakula kwanza. Nikala ugali wa muhogo na maharage huku ananitazama. Nikamaliza. Nikaanza kueleza nilichokuwa nimekipanga: kwamba si kamari, ni somo, limo katika mtihani wa serikali, mtoto ana akili, tumebakiza wiki chache. Nikasema kwamba ningeweza kutumia maharage badala ya karata, kosa ni langu. Akaniacha nimalize yote. Halafu akatia mkono mfukoni mwa shati akatoa vipande vinne vya boksi la sabuni, akaviweka chini kati yetu. Viwili vimepakwa wino mwekundu. Viwili vimepakwa mkaa.

"Nilitaka kuzichoma," akasema. "Nimeshindwa. Kila nikifika motoni mkono unakataa. Mwambie Mwalimu, Domitila. Kwa nini nne? Kwa nini mbili na mbili?"

Domitila alikuwa amesimama mlangoni. "Mama aliniambia," akamjibu baba yake. "Nilitaka nikuonyeshe, Data. Hukunisubiri nimalize."

Mimi nikawa sielewi kitu, nikaogopa kuuliza. Mzee akanieleza mwenyewe, polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili.

"Mwaka ule tunakimbia, tulikuwa wanaume wanne. Mimi, kaka yangu Matayo, na jirani wawili. Karibu na mpaka, njia imefungwa. Watu wenye bunduki wamekaa mezani, wanacheza karata. Hata hawakusimama. Mmoja akachukua karata nne, mbili nyekundu, mbili nyeusi, akazichanganya, akazifunika. Akasema, mwenye nyeusi apite. Mwenye nyekundu abaki."

Kule ndani mtu alikuwa ameacha kupukuchua.

"Kwetu, Mwalimu, mdogo hatangulii mkubwa. Chakula, maji ya kunawa, hata kaburini tunasema mkubwa kwanza. Matayo ni *mukuru wanje*, kaka yangu mkubwa. Alikwishainua mguu kwenda mezani. Mimi nikampita. Nilimpiga kikumbo hapa," akajigusa bega. "Nikawaza, wa kwanza anazikuta nyeusi zote mbili. Wa pili anakuta zilizobaki. Nikachota nyeusi. Yeye akachota nyekundu. Sikumtazama. Nilipita."

Mkewe akatoka akasimama nyuma yake.

"Nimehubiri tangu mwaka ule," akasema Mzee Zakaria, "na kila nikisimama naona bega lile. Sasa mtoto anasema kuna hesabu ya karata isiyorudishwa, na inajua habari ya wa kwanza na wa pili. Nimemzuia kwa sababu naogopa jibu lake. Yeye ni mtoto wangu, anaweza kunihurumia. Wewe hunijui. Nifanyie wewe. Ikisema nilimnyang'anya, nitajua. Mtoto atabaki hapa, sitaki awe na kitu kile kichwani."

Jamani, mimi nimesimama mbele ya wakaguzi, nimesimama mbele ya wazazi wenye fimbo. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa mbele ya vile vipande vya boksi. Nilikuwa mwalimu yuleyule aliyeandika kumi na tatu juu ya hamsini na mbili mara mbili huku karata iko mkononi. Na habari ya vyoo sikuikumbuka hata; hofu ilikuwa imefuta kila kitu. Nikawaza, ikitoka vibaya nitadanganya. Halafu nikawaza, Domitila amesimama pale, atajua nimedanganya, na mwisho baba yake atajua.

Nikachukua kijiti, nikachora mti chini kwenye vumbi. Mistari ilipinda.

"Wewe wa kwanza," nikasema. "Nyeusi mbili kati ya nne. Nusu. Nyekundu, nusu."

"Ego," akasema. Ndiyo.

Nikafika kwenye kifundo cha pili. Kijiti kikasimama. Kichwa changu kilikuwa kinaniambia nne, nne, nne. Nikatazama mkononi kama nilivyojifunza. Nikaokota kipande kimoja cheusi, nikampa Mzee Zakaria akishike mwenyewe, halafu nikahesabu vilivyobaki chini, kwa kidole, kwa sauti: moja, mbili, tatu.

"Ukishapata nyeusi, zimebaki tatu, nyeusi ni moja. Theluthi." Nikaandika. Nikakirudisha kile cheusi, nikampa chekundu. "Ukipata nyekundu, zimebaki tatu, nyeusi ni mbili. Theluthi mbili."

Akainama, akaweka kidole kwenye tawi la juu.

"Hapa," akasema. "Mimi nilisimama hapa. Alikuwa na nusu, nikampunguzia ikawa theluthi."

Uongo ulikuwa mdomoni kabisa. Nikaumeza.

"Kwenye tawi hilo, Mzee, ni kweli. Ilikuwa theluthi. Lakini ulipompiga kikumbo hukuwa umesimama kwenye tawi hilo. Ulikuwa huku chini, kwenye shina, karata zimefunikwa, hujui utapanda lipi. Kuna na hili la pili, ambalo ungechota nyekundu ukabaki wewe, naye akakuta mbili. Ulipompita ulibeba yote mawili."

Nikaokota punje sita za mahindi. "Tuseme siku ile ingerudiwa mara sita."

"Isirudiwe," akasema haraka. "Isirudiwe hata mara moja."

"Ni punje tu, Mzee."

Akakubali kwa kichwa. Nikagawa: tatu tawi la nyeusi, tatu tawi la nyekundu. Katika zile tatu za kwanza, Matayo anapita moja. Katika tatu za pili, anapita mbili. Nikazisogeza pamoja. Zilikuwa tatu kati ya sita. Nilizihesabu mara mbili, maana sikujiamini.

"Nusu," akasema Domitila kutoka mlangoni. Alikuwa analia.

Mzee Zakaria akazisogeza punje kando. Halafu akafuta mti wote kwa kiganja, akalainisha vumbi, akanirudishia kijiti.

"Sasa mweke yeye mbele," akasema. "Mkubwa kwanza. Kama ilivyotakiwa."

Nikachora upya. Matayo wa kwanza: mbili kati ya nne. Nusu. Sikuwa na haja ya kuendelea, lakini alinitaka nimalize hadi mwisho, pamoja na yeye wa pili, na punje zake. Nusu na nusu. Akaugusa mti huu kifundo kwa kifundo, kama mtu anayetafuta alikoficha kitu.

"Kwa hiyo sikumnyang'anya."

"Nafasi hukumnyang'anya. Mlikuwa sawa, utangulie usitangulie."

"Na kikumbo?"

Hilo sikuwa nalo kitabuni. "Kikumbo ulimpiga, Mzee. Hicho hakimo kwenye mti."

Nikaogopa nimeharibu. Mkewe aliniangalia vibaya, nadhani yeye alitaka nimwambie maneno laini. Lakini Mzee Zakaria akashusha pumzi, ndefu, mabega yakashuka.

"Cha kikumbo nitamwomba Imana, Mungu mwenyewe," akasema. "Hicho naweza kukiomba. Kile kingine nilikuwa sijui naombaje."

Akainuka, akaingia ndani. Nikasikia anasema na mtoto kwa Kiha, maneno machache. Usiku nililala chumba kimoja na Domitila. Asubuhi alikuwa amefunga sanduku lake. Baba yake akatusindikiza hadi njia panda, akitembea nyuma yetu. Nilipogeuka kumwuliza kwa nini hatangulii, mwenye njia, akasema amezoea kuwa nyuma.

Kabla hatujaachana akanipa vile vipande vya boksi, amevifunga kwenye jani la mgomba na kamba. "Chukua, Mwalimu. Zisikae nyumbani kwangu." Akamwekea binti yake mkono kichwani, akaondoka bila kutazama nyuma.

Domitila alifanya mtihani, akafaulu. Mimi nilihamishiwa Kibondo baadaye, nikafundisha mti huohuo mpaka nilipostaafu, mara nyingi kwa maharage, na hofu haikuwahi kuniacha. Siku hizi mpo mnaoniambia somo hili ni la mchezo, kwamba hakuna mtu anayechota karata maishani. Fundisheni hivyohivyo, lakini mkifika kwenye kifundo cha pili simameni, mtazame mkononi mwenu.

Siku ile ya kurudi tulikaa Kibondo sokoni kungoja lori la Kasulu. Nikafungua jani la mgomba juu ya magoti yangu, nikitaka tu kuona kama wino haujafutika, na kwa mazoea nikahesabu. Tatu. Nyeusi mbili, nyekundu moja. Nikapapasa kanga, nikatazama chini ya benchi, nikamwuliza Domitila kama tumeiangusha njiani.

Akazitazama, naye akahesabu kwa kidole. Halafu akalikunja jani, akalifunga kamba vizuri, akanirudishia.

"Hatujaiangusha, Mwalimu," akasema. "Ile ya baba mkubwa, Data amebaki nayo."